Sauti Zinazobishana Ndani ya Kitabu cha Teolojia

Kusoma teolojia na falsafa ya Kikristo ni kazi yenye taratibu zake, na taratibu hizo zilikulia katika nyumba mbili: monasteri na chuo kikuu. Vitabu vikuu vya elimu hii viliandikiwa watu waliolelewa humo. Anayevifungua leo bila kujua vilikusudiwa kusomwaje huweza kuelewa kila sentensi, asijue tu ni nani anayesema.

Monasterini, kusoma kulikuwa na saa zake kama kulima. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inagawa siku kati ya kazi za mikono na usomaji mtakatifu. Kwa Kwaresima kila mtawa alipewa kitabu kimoja, akatakiwa akisome chote kwa mfululizo tangu mwanzo, na mzee mmoja au wawili wakapita kuangalia nani amekaa akipiga soga. Katika karne ya 12, Guigo wa Pili, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse nchini Ufaransa, alipanga usomaji huo katika ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali na taamuli. Hatua Saba zilizoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambazo jumuiya ndogondogo za Kikatoliki za Afrika Mashariki nazo zimezitumia kushirikishana Injili, zina mwendo wa jamaa hiyo hiyo: neno husomwa, watu hunyamaza, ndipo huzungumza.

Anayeanza aanze na *Maungamo* ya Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, yaliyoandikwa yapata mwaka 397 hadi 400. Kwa sehemu kubwa ni historia ya usomaji wa mtu mmoja: kitabu cha Cicero alichokutana nacho katika mwaka wa 19 wa maisha yake, kisha maandishi ya wafuasi wa Plato, na hatimaye barua za Paulo katika bustani ya Milan mwaka 386. Kitabu chote kinamwelekea Mungu. Msomaji anasikiliza sala isiyosemwa naye. Ndiyo maana kimejaa maswali, na kuchomoa swali moja ukaliita fundisho la Augustino ni kumdhulumu. Uzeeni aliyapitia tena maandishi yake akasahihisha alipoona amekosea. Kwangu mimi, hilo ni funzo kubwa kuliko mengi aliyoyaandika kuhusu elimu.

Anselm aliongeza jambo jingine. Mwaka 1077 hadi 1078, akiwa mtawa huko Bec, Normandy, aliandika *Proslogion*, kitabu kifupi kinachotaka kuonyesha kwa hoja moja kwamba Mungu yupo: yeye ndiye ambaye hakiwezi kufikiriwa kitu kilicho kikuu zaidi yake. Mtawa Gaunilo akampinga: kwa hoja ya namna hiyo mtu angeweza kuthibitisha kwamba kuna kisiwa kisicho na kifani mahali fulani baharini. Anselm alimjibu, kisha akataka pingamizi na jibu vinakiliwe pamoja na kitabu chenyewe. Toleo linaloacha maandishi ya Gaunilo limepungua.

Vyuo vikuu vilifanya ubishi huo kuwa mtindo wa kuandika. Mwanafalsafa Abelard alikuwa amefungua njia kwa *Sic et Non*, alimopanga kauli za Mababa wa Kanisa zinazopingana juu ya maswali 158, bila kuyatolea uamuzi. Jengo lilikamilika katika *Summa Theologiae* ya Thoma wa Akwino, aliyoianza yapata 1265 na kuiacha bila kuimaliza Desemba 1273. Kila kipengele chake kina swali, kisha pingamizi, kisha kauli ya upande wa pili, kisha jibu la Thoma, na mwisho majibu kwa kila pingamizi. Msomaji mgeni huanzia juu, akadhani yale ya mwanzo ni maoni ya mwandishi, kumbe ni ya wapinzani.

Chukua kipengele cha tatu cha swali la pili katika Sehemu ya Kwanza: je, Mungu yupo? Pingamizi ni mbili tu, lakini nzito. Moja: kama kuna wema usio na mipaka, uovu usingekuwepo, nao upo. Mbili: maumbile na utashi wa binadamu vinatosha kueleza kila kitu. Baada ya hapo zinakuja njia tano mashuhuri. Ya kwanza, kuhusu mwendo, wengi huisoma kama safari ya kurudi nyuma hadi siku ulimwengu ulipoanza. Sivyo. Thoma mwenyewe anashikilia, katika swali la 46, kwamba akili pekee haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu una mwanzo. Mfano wake ni fimbo inayosukuma kitu kwa sababu mkono unaisukuma sasa hivi. Mkono ukisimama, fimbo nayo husimama. Anatafuta chanzo kinachofanya kazi wakati huu.

Jibu lake kuhusu uovu ni fupi mno: anamnukuu Augustino kwamba Mungu huruhusu uovu ili atoe wema humo. Aliyefiwa na mtoto ana haki ya kutoridhika nalo. Asifunge kitabu, bali aende na pingamizi lake mkononi hadi maswali ya 48 na 49, ambako Thoma anauchambua uovu kwa kirefu.

Desturi hii ya kusoma hoja pamoja na pingamizi lake inafaa pia kwa vitabu vya kwetu. John Mbiti, padri Mwanglikana wa Kenya, alidai katika *African Religions and Philosophy* (1969) kwamba fikra za jadi za Kiafrika karibu hazina wakati ujao wa mbali, akitumia ushahidi wa lugha, ikiwemo Kikamba, lugha yake ya mama. Dai hilo linagusa moja kwa moja mahubiri ya kurudi kwa Kristo. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alilipinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa Waakan. Mwenye Mbiti amtafute na Gyekye, awasome wote wawili, kisha apime hoja zao kwa lugha anayoijua yeye.