Mwaka 1798: Bismillahi Katika Karatasi ya Napoleon



Ndugu zangu, leo tusome mwaka mmoja tu wa historia, mwaka 1798. Ni mwaka uliojaa mambo, lakini nitauanzia kwenye karatasi moja.

Karatasi hiyo ilisambazwa Misri mwanzoni mwa Julai, mwezi wa Muharram 1213 Hijria. Imeandikwa kwa Kiarabu. Inaanza kwa Bismillahi, kisha inakiri kuwa Mwenyezi Mungu ni mmoja, hana mwana wala mshirika. Inasema watu wote ni sawa mbele ya Mungu, na kinachowatofautisha ni akili, fadhila na elimu. Inawalaumu Mamaluki, watawala wa Misri, kwa dhulma yao. Inamtaja Mtume (SAW) kwa heshima na inaitukuza Qur'ani. Ukiishika bila kuambiwa imetoka wapi, utadhani imeandikwa na kadhi mwenye uchungu na watu wake.

Aliyeitoa ni Napoleon Bonaparte, jenerali wa Kifaransa mwenye umri wa miaka 28. Alitoka bandari ya Toulon tarehe 19 Mei, akaiteka Malta njiani, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Julai akaanza kushusha jeshi lake karibu na Iskandaria. Askari walizidi 30,000. Pamoja nao walikuja wataalamu zaidi ya 150: wahandisi, wanahisabati, wachoraji, madaktari, wajuzi wa lugha. Shabaha ilikuwa Uingereza. Kuivuka bahari na kuipiga Uingereza kwake kulishindikana, basi wakaona waikate njia yake ya India.

Alibeba pia matbaa yenye herufi za Kiarabu. Herufi hizo zilichukuliwa Roma, kwenye matbaa ya Propaganda Fide, idara ya Papa ya kueneza Ukristo. Zilitengenezwa kwa kazi ya kuwahubiria watu wa Mashariki, zikaishia kuchapa Bismillahi ndani ya L'Orient, merikebu kubwa ya vita ya Wafaransa. Mimi kila nikifika hapa husimama kidogo.

Katika karatasi hiyo Napoleon anadai kuwa Wafaransa nao ni Waislamu wa kweli. Ushahidi wake? Kwamba wamemwangusha Papa, na wamewavunja watawa wapiganaji wa Malta waliokuwa wakiwapiga vita Waislamu. Na kweli, mateka Waislamu waliokutwa Malta walifunguliwa, na baadhi yao ndio waliotumwa kuisambaza karatasi. Halafu huko chini, baada ya maneno matamu, zinakuja amri. Vijiji vilivyo karibu na njia ya jeshi vilete wajumbe kutoa utii na vipandishe bendera ya Ufaransa. Kijiji kitakachoshika silaha kitachomwa moto.

Ndugu yangu, barua isome mpaka mwisho.

Alikuwepo Cairo mwanachuoni aliyeisoma mpaka mwisho. Ni Sheikh Abdurrahman al-Jabarti, wakati ule ana miaka arobaini na kitu. Jina lake lenyewe ni la upande wetu huu wa Afrika: wazee wake walitoka Jabart, nchi ya Zeila katika Pembe ya Afrika, na ukoo wake kwa vizazi ulisimamia makazi ya wanafunzi wa Kijabarti pale Al-Azhar. Baba yake, Sheikh Hasan, alikuwa bingwa wa falaki na hesabu.

Al-Jabarti aliishughulikia karatasi ya Napoleon kama mwalimu anavyosahihisha daftari la mwanafunzi, neno kwa neno. Hapa irabu imekosewa, hapa neno halina kazi, hapa sentensi imevunjika. Wapo wanaoisoma habari hii wakacheka, wakaona sheikh anahangaika na nahau huku nchi inatekwa. Mimi sioni hivyo. Mtu anayedai kuitukuza Qur'ani kuliko wewe, na lugha yake hawezi kuipanga, ameshajieleza mwenyewe. Kutoka kwenye nahau sheikh akaingia kwenye itikadi. Akaonyesha kuwa hawa wanakubaliana na Waislamu kwa Bismillahi lakini Mtume hawamfuati, na wanaachana na Wakristo kwa kukana mwana, basi hawako na dini yoyote. Na kuhusu kuitukuza Qur'ani, hoja yake ni nyepesi: huwezi kuitukuza na huamini yaliyomo.

Sasa tuyapime maneno ya karatasi kwa yaliyotendeka mwaka uleule mahali pengine.

Roma, ni kweli, Wafaransa waliingia Februari 1798, wakatangaza jamhuri na kumchukua mateka Papa Pius VI, mzee wa miaka themanini. Hilo Napoleon hakusema uongo. Lakini hawakufanya hivyo kwa ajili ya Uislamu, na kila mtu Roma alilijua hilo. Ireland, wananchi waliinuka mwezi Mei dhidi ya utawala wa Waingereza, wakitegemea msaada wa Wafaransa. Jeshi kubwa la Ufaransa likawa limeelekezwa Misri. Ireland ilipata askari wapatao 1,000 chini ya Jenerali Humbert, waliofika Agosti wakati uasi umeshavunjwa, na Septemba wakasalimu amri. Waliouawa Ireland mwaka ule wanahesabiwa kwa maelfu mengi.

Na lile la watu wote kuwa sawa? Ufaransa ilifuta utumwa kwa sheria mwaka 1794. Lakini katika kisiwa walichokiita Île de France, tunachokijua leo kwa jina la Mauritius, wenye mashamba waliikataa sheria hiyo, na wajumbe waliotoka Paris mwaka 1796 kuisimamia walirudishwa baharini. Kwa hiyo siku ambayo karatasi inasomwa Cairo kwamba watu ni sawa, watu waliochukuliwa Kilwa na pwani yetu hii walikuwa wakilima mashamba ya Wafaransa kama watumwa. Biashara hiyo ilikuwa na mkataba. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka.

Na hili nalo nitalisema, hata kama litawaudhi baadhi ya ndugu. Aliyekuwa upande wa pili wa mkataba ule ni sultani Muislamu, wa mji wenye misikiti ya karne nyingi. Hatuwezi kuusoma unafiki wa Napoleon kwa jicho moja, la pili tukalifumba.

Napoleon mwenyewe, mwaka mmoja tu baada ya karatasi yake, mwisho wa Juni 1799, alimwandikia Sultani wa Darfur akitaka apelekewe watumwa weusi 2,000, wenye nguvu, waliozidi miaka 16. Mwaka 1802, akiwa sasa ndiye mtawala wa Ufaransa, akaurudisha utumwa kwa sheria katika makoloni. Aliyelipa gharama ya sera hiyo ni Toussaint Louverture wa Haiti, mtu aliyezaliwa utumwani. Yeye mwaka huohuo wa 1798 alikuwa ameilinda bendera ya Ufaransa kule kisiwani mpaka Waingereza wakaondoka, wa mwisho wao mwezi Oktoba. Alikufa 1803 katika gereza la Napoleon, kwenye milima ya baridi.

Turudi Misri, maana al-Jabarti hakuwaandika Wafaransa peke yao.

Siku chache kabla ya Wafaransa kufika, meli za Waingereza zikiongozwa na Nelson zilitokea Iskandaria zikiwatafuta. Mkuu wa mji, Sayyid Muhammad Kurayyim, hakuwaamini, akaona ni hila. Wakajibiwa kuwa hii ni nchi ya Sultani, Wafaransa hawana shughuli nayo, wala nyinyi hamna. Waingereza wakaondoka. Mji haukuwa na mizinga ya maana wala baruti ya kutosha. Cairo, amiri mkubwa Murad Bey na wenzake walipopata habari, kauli yao ilikuwa kwamba Wafaransa wote wakija watakanyagwa na kwato za farasi.

Masheikh wa Al-Azhar walikusanyika kila siku kusoma Sahihi Bukhari na dua. Sayyid Umar Makram, nakibu wa masharifu, aliteremsha kutoka ngomeni bendera kubwa iliyoitwa bendera ya Mtume, watu wakamfuata kwa ngoma na takbiri. Al-Jabarti, ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kuwa adui wa dua, anaandika kuwa wenye akili waliwakumbusha watu kwamba Mtume na Masahaba walipigana kwa panga, hawakupigana kwa makelele. Tarehe 21 Julai, pale Imbaba, wapanda farasi wa Murad waliwashambulia Wafaransa, nao walikuwa wamejipanga kwa miraba, bunduki zikielekea pande zote nne. Ilitosha mchana mmoja. Upande wa Wafaransa waliokufa ni wachache sana. Murad alikimbilia kusini, mwenzake Ibrahim Bey akaelekea Sham, na watu wa Cairo wakaachwa peke yao. Hao ndio waliokuwa wakikusanya kodi yao miaka yote ile kwa jina la ulinzi.

Napoleon aliunda baraza la masheikh, diwani, akamweka mbele Sheikh Abdullah al-Sharqawi, Sheikh wa Al-Azhar. Siku moja akamvisha begani kitambaa cha rangi tatu za bendera ya Ufaransa. Sheikh alikivua akakitupa chini, uso umembadilika. Napoleon alikasirika sana, lakini sheikh alibaki kwenye diwani. Wapo wanaomlaumu kwa kubaki. Mimi naona mwenye haki ya kumlaumu ni yule aliyewahi kuachiwa mji mzima wa watu wasio na silaha, na jeshi la adui liko mlangoni.

Usiku wa tarehe 1 Agosti Nelson alizikuta meli za Wafaransa katika ghuba ya Abu Qir. Kati ya merikebu 13 kubwa za vita zilipona mbili tu. L'Orient, ile iliyochapa Bismillahi, ilishika moto na kulipuka. Jeshi la Napoleon likawa limefungiwa Misri. Septemba, Sultani Selim III wa Istanbul alitangaza vita dhidi ya Ufaransa, na mwezi huohuo Wafaransa walimpiga risasi Sayyid Muhammad Kurayyim pale Cairo.

Mtikisiko wake ulifika Bahari ya Hindi, na hapo ndipo unapotugusa sisi. Tarehe 12 Oktoba 1798 Sayyid Sultan bin Ahmad wa Muscat alifunga mkataba na Kampuni ya Waingereza ya India ya Mashariki, kwamba maadamu vita vinaendelea, Wafaransa na Waholanzi wasipewe mahali pa kukaa katika milki yake. Sayyid Sultan ni baba wa Sayyid Said, aliyekuja kuhamishia makao yake Unguja. Napoleon naye alimwandikia barua Januari 1799 akitaka urafiki, na nyingine akaielekeza kwa Tipu Sultan wa Mysore. Zote zilinaswa na Waingereza njiani. Februari ya mwaka huo manowari za Admirali Blankett, zilizotumwa Bahari ya Shamu kuwazuia Wafaransa, zilitia nanga Unguja. Mlango ambao Waingereza waliuingilia katika pwani hii ulianza kufunguliwa na vita vya Misri, na si wengi wetu tunaofundishwa hivyo.

Siku tisa baada ya mkataba wa Muscat, Cairo iliwaka. Wafaransa walikuwa wameweka kodi mpya juu ya nyumba na mali. Tarehe 21 Oktoba watu waliinuka, wakamuua Jenerali Dupuy, mkuu wa jeshi mjini. Mizinga ikaelekezwa mitaa ya Al-Azhar kutoka ngomeni. Kisha askari wakaingia msikitini na farasi wao, wakawafunga upande wa kibla, wakavunja taa na makasha ya wanafunzi, misahafu na vitabu vikatupwa sakafuni na kukanyagwa. Waliouawa mjini ni maelfu. Masheikh kadhaa waliuliwa baadaye. Al-Jabarti anayaandika hayo kwa uchungu, na kwa kalamu ileile anawashutumu wahuni waliotumia vurugu hizo kupora nyumba za Wakristo wa Sham na za majirani Waislamu pia.

Lipo jambo jingine alilolihifadhi kutoka siku zile. Wale wataalamu waliokuja na jeshi waliwekwa katika nyumba za maamiri waliokimbia, mtaa wa Nasiriyya, na tarehe 22 Agosti ikaanzishwa hapo taasisi yao ya elimu, yenye maktaba. Al-Jabarti alikwenda. Alikuta vitabu vyenye picha za miji, wanyama na mimea. Alionyeshwa maji ya dawa yanayochanganywa yakageuka jiwe, na chombo kinachomshtua anayekigusa, akaandika waziwazi kuwa akili za watu wake hazikuyazoea mambo hayo. Akakuta kitabu cha Shifa cha Qadhi Iyadh kimetiwa katika lugha yao. Akakuta kati yao waliohifadhi beti za Burdai, hii Burdai yetu inayosomwa Lamu na Unguja. Mwaka huohuo, kule Uingereza, Daktari Edward Jenner alitoa kitabu chake juu ya ndui ya ng'ombe, ambacho ndicho chanzo cha chanjo. Kuchanja kwa usaha wa ndui yenyewe, kulikokuwepo kabla yake, Waingereza walikuwa wamejifunza miaka mingi nyuma kutoka kwa wanawake wa Istanbul.

Mtu yuleyule aliyeandika farasi walivyofungwa ndani ya Al-Azhar ndiye aliyeandika kuwa nyumba ile ya vitabu ilikuwa wazi kila siku, hata askari wa chini kabisa wamekaa wanasoma, na kwamba yeye aliirudia zaidi ya mara moja.

Wallahu aalam.