Taifodi Yangu ya Kila Muhula

Ukisema unatoka Mulot, mtu wa Nairobi anapapasa mfuko kwanza kuona kama simu iko. Sawa, tumezoea. Mji wetu huu mdogo kwenye barabara ya Narok kwenda Bomet ulishapewa jina kwa sababu ya matapeli wa simu, na hata mimi nikipiga na laini mpya binamu zangu wanakata. Lakini leo nataka kuongelea utapeli mwingine, ule ambao hakuna mtu aliukusudia, na ambao pengine hata wewe umeulipia.

Nikiwa kidato cha tatu nilitibiwa taifodi mara tatu kwa mwaka mmoja. Mara tatu! Kila nikishikwa na joto na kichwa kuuma napelekwa kliniki, natolewa damu kidogo, baada ya muda karatasi inarudi imeandikwa taifodi, natoka na bahasha ya vidonge. Hakuna aliyeuliza mbona inarudi. Hata nyumbani hatukuuliza. Mama alichemsha maji zaidi, kogo akalaumu chakula cha vibandani, maisha yakaendelea. Kwetu taifodi ni kama mgeni aliyepewa ufunguo wa nyumba.

Miaka baadaye nikakutana na kazi za Profesa Samuel Kariuki wa KEMRI, na nikaona kwamba lile swali ambalo sisi hatukuuliza, yeye amelifanyia kazi miaka mingi: tunajuaje ni mdudu gani?

Turudi nyuma kidogo. Bakteria wa taifodi anaitwa Salmonella Typhi. Mjerumani Karl Eberth alimwona kwa darubini mwaka 1880, na mwenzake Georg Gaffky akafaulu kumwotesha maabarani mwaka 1884. Halafu mwaka 1896, kule Paris, daktari Fernand Widal akaleta kipimo cha haraka. Unachukua majimaji ya damu ya mgonjwa, unachanganya na bakteria wa taifodi, na wakigandamana pamoja unasema mgonjwa ana kingamwili, wale askari wa mwili wanaopigana na huyo mdudu. Kwa wakati huo ilikuwa kazi safi sana.

Shida ni kwamba Widal hatafuti mdudu mwenyewe, anatafuta askari. Ni kama kufika steji ukute polisi wamesimama, kisha uapishe kwamba wizi umefanyika asubuhi hiyo. Labda walikuja kwa kisa cha mwaka jana. Labda walikuja kwa mwizi mwingine kabisa. Mtu aliyewahi kuugua taifodi zamani anaweza kuonekana mgonjwa leo. Jamaa wengine wa Salmonella wanaweza kuchanganya kipimo, na malaria pia. Sasa weka kipimo hicho mahali ambapo hayo yote yapo, halafu ushangae kwa nini kila karatasi inasema taifodi. Na kumbuka hiki ni kipimo cha 1896. Reli ilifika Nairobi 1899. Kipimo tunachokiamini na mgonjwa wetu ni kizee kuliko jiji kuu.

Njia inayoaminika zaidi ni kuotesha damu. Damu inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, inakaa kwenye joto kama la mwili, na unasubiri siku kadhaa. Mdudu akimea, unamjua kwa jina. Halafu unampanda kwenye sahani na kumwekea dawa mbalimbali, uone ipi inamzuia na ipi anaicheka. Hata hii si malaika: inakosa takriban wagonjwa wanne katika kila kumi wenye taifodi ya kweli. Lakini ikisema yuko, yuko.

Kariuki hakuanza na binadamu. Alisomea udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda Liverpool kusomea uzamifu, kisha akafanya kazi KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa 1979. Huko aliongoza kituo cha utafiti wa mikrobiolojia, na baadaye akawa kaimu mkurugenzi mkuu wa taasisi nzima. Vyeo ni vyeo tu. Kinachonishika mimi ni uvumilivu: kukusanya bakteria mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, na kuwahoji.

Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya bakteria 102 wa taifodi kutoka kwa milipuko ya sehemu tatu za Kenya. Kati ya hao 102, ni 14 tu waliokufa kwa kila dawa waliyojaribiwa nayo. Themanini na nne walikuwa sugu kwa dawa tano kwa pamoja: ampisilini, kloramfenikoli, tetrasaiklini, streptomaisini na kotrimoksazoli, ile wengi tunaiita Septrin. Soma hiyo orodha tena. Hizo ndizo dawa za bei ya mwananchi. Mgonjwa anamaliza dozi, mdudu bado yuko ndani anakula raha.

Waliuliza pia usugu huo unatoka wapi. Wakakuta umebebwa kwenye plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake bila hata kuzaana. Hapa mtu wa Mulot anaelewa haraka: msee mmoja akijua njia, kesho mtaa mzima unaijua.

Kesi haikuishia Kenya. Mwaka 2010 timu yake ilionyesha kwamba ukoo mmoja wa taifodi sugu uliotawala hapa ni ule ule uliosambaa Asia ya Kusini-Mashariki. Ukoo huo unaitwa H58. Mwaka 2015 wanasayansi wa nchi nyingi walisoma jenomu za bakteria 1,832 kutoka nchi 63, wakaona H58 ulitokea Asia ya Kusini na kuvuka hadi Afrika. Kwa hivyo mdudu anayesumbua mtoto Mukuru ana ndugu zake Asia, na wote wamebeba silaha zinazofanana.

Kuna utafiti mwingine naupenda zaidi. Hapa Afrika kuna Salmonella wasio wa taifodi wanaoingia kwenye damu na kuua, hasa watoto wadogo wenye malaria au utapiamlo, na watu wazima wenye virusi vya Ukimwi. Ungetarajia daktari wa mifugo amnyooshee kidole kuku. Timu ya Kariuki ilienda hadi nyumbani kwa watoto waliougua, ikapima wanyama, mazingira na watu. Katika kazi waliyochapisha 2006, bakteria waliofanana na wa mtoto walipatikana zaidi kwa binadamu wa nyumba ile kuliko kwa mifugo. Kuku akaachiliwa huru, angalau kwa kesi hiyo. Hiyo ndiyo faida ya kupima badala ya kudhani.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Wacha maneno, zahanati ya kijijini itaotesha damu na nini?" Ni kweli. Chupa zina gharama, mashine inataka stima isiyopotea, inatakiwa mtu aliyefunzwa, na mgonjwa anayetetemeka hawezi kungoja siku tano. Daktari lazima aanze na kukisia. Mimi sikumaliza chuo, wala sitaki ugombane na daktari wako kwa sababu ya kitu umesoma kwangu. Ukipewa dawa, maliza dozi.

Lakini kuna kukisia na kukisia. Daktari wa huku anaweza kukisia vizuri tu kama mahali fulani kuna mtu ambaye hakisii: anayeotesha, anayehesabu, anayesema mwaka huu dawa hii imechoka, tumia ile. Bila huyo mtu, kila kaunta ya duka la dawa inakuwa kamari, na kila antibiotiki tunayomeza bure inawafunza bakteria tulio nao tumboni namna ya kuishi nayo. Zile dozi zangu tatu, kama sikuwa na taifodi, zilikuwa masomo ya bure kwa wadudu.

Julai 2025 Kenya ilianza kutoa chanjo ya taifodi kwa watoto kuanzia miezi 9 hadi miaka 14. Wengi waliona foleni za watoto na wahudumu wa afya. Mimi niliona pia zile sahani za maabara. Serikali haiwezi kuchanja taifa kwa ushahidi wa karatasi za Widal, inabidi mtu awe ameonyesha mdudu yuko, ni wa aina gani, na kwamba dawa zinaisha nguvu.

Basi ombi langu ni dogo. Mgombea akija sokoni na ahadi ya kujenga zahanati, usimuulize rangi ya mabati. Muulize kama hospitali ya kaunti inaweza kuotesha damu, na ni wagonjwa wangapi walioteshewa mwaka jana. Na wewe, ukiambiwa una taifodi kwa mara ya tatu mwaka huu, uliza kwa heshima: "Daktari, hiki ni kipimo gani?" Mimi kidato cha tatu sikujua kwamba hilo ni swali.