Mawe ya Kawe na Wanafunzi Wake

Mtu mzima wa Kawe, Dar es Salaam, anayeanza leo kuvutiwa na miamba, madini na visukuku huambiwa mambo mawili: amechelewa, na yuko mahali pasipo na kitu. Dhahabu iko Geita, tanzanaiti Mirerani, mifupa ya dinosaria Tendaguru huko Lindi, nyayo za kale Laetoli. Dar es Salaam kuna mchanga tu. Madai hayo hayasimami yakipimwa kwa historia ya mwambao huu. Ujuzi wa mawe katika nchi yetu umejengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliojifunza ukubwani, kazini, na sehemu ya ujuzi huo imeacha alama jirani kabisa na Kawe.

Kunduchi, kaskazini ya Kawe, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 15 au 16 na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa mabakuli ya Kichina. Wengi huenda kutazama mabakuli, ilhali ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye kuta zenyewe. Waashi wa pwani walitofautisha mawe ya aina mbili. La kwanza ni la nchi kavu, mwamba uliotokana na matumbawe ya zamani. Ni gumu, lina vishimo, halikubali nakshi, hivyo likatumika kujaza kuta. La pili lilikatwa baharini likiwa bado bichi: lingali na maji huchongeka kwa urahisi, na likikauka huwa gumu, ndiyo maana likachaguliwa kwa mihirabu na miimo ya milango. Chokaa ya kuyaunganisha ilipatikana kwa kupanga matumbawe juu ya lundo la magogo, kuyachoma, kisha kuyamwagia maji na kuyaacha yapoe na kulainika kwa muda mrefu. Kila hatua ilidai mtu ajue jiwe limetoka wapi, lina nini ndani, na moto au hewa italigeuza vipi.

Atatokea wa kusema kwamba huo ni ufundi, si sayansi, kwa kuwa mwashi hakujua umri wa jiwe lake. Ni kweli hakuujua, na tofauti hiyo haifai kufichwa. Leo tunafahamu kwamba sehemu kubwa ya miamba ya matumbawe iliyoinuka kwenye mwambao wa Afrika Mashariki ilijengeka yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa kwa mita kadhaa, na mwashi asingeweza kulipata hilo kwa patasi peke yake. Lakini sayansi yenyewe ilianzia kwenye mikono ya namna hiyo. William Smith, mwana wa mhunzi wa Kiingereza, alikuwa mpima wa mifereji. Kwa kulinganisha visukuku vya tabaka moja na jingine alichora ramani ya miamba ya nchi yake na kuichapisha mwaka 1815. Kwetu, msafara wa Wajerumani uliochimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913 ulimtegemea msimamizi Boheti bin Amrani, aliyejifunza kazi hiyo shimoni, akitambua mifupa na kuitoa bila kuivunja. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Heshima hiyo ilichelewa mno, ila inathibitisha kwamba hata maabara za Berlin zilisimama juu ya ujuzi wa mtu asiyepita chuo. Naye Mary Leakey, aliyeliona fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus huko Olduvai mwaka 1959, hakuwa na shahada ya kwanza ya chuo.

Linabaki dai la mchanga. Mchanga wa ufukwe wa Kawe ni somo tosha la kuanzia. Weka punje zake kwenye kisosi, udondoshee siki, kisha utazame kwa makini. Vipande vya kombe na matumbawe vitatoa povu dogo, kwa sababu ni chokaa. Punje angavu za kwatzi zitatulia tu. Kwatzi haizaliwi na matumbawe. Imeletwa na mito kutoka bara, ikiwemo Mbezi na Tegeta, mvua baada ya mvua. Kwa hiyo ufukwe huu una wazazi wawili, bahari na mito, na anayeona hivyo ataelewa kwa nini watafiti wa mmomonyoko wa Kunduchi wametazama machimbo ya mchanga mitoni pamoja na miamba iliyovunjwa kwa baruti za wavuvi. Huko Wazo, chokaa ya asili hiyo hiyo imekuwa ikichimbwa na kugeuzwa saruji tangu 1966, na nyumba nyingi za jiji hili zimesimama juu ya mabaki ya viumbe wa bahari. Ukishika kipande cha mwamba huo na kukigeuza juani utaona nyota ndogo zilizopangana: kila nyota ni makao ya mnyama mmoja.

Pana pia wanaoogopa kwamba shauku ya wengi itageuka uporaji, kila mtu akibeba kipande chake nyumbani. Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa Kunduchi. Ila kilichobomoa pwani kwa wingi ni baruti na malori ya mchanga, na mkazi wa Kawe anayejua mchanga wa ufukwe wake unatoka mto gani ana hoja ya kupeleka kwenye mkutano wa mtaa pindi machimbo yanapojadiliwa.