Neno "Frank" na Haki ya Kutuma Barua Bila Malipo

Katika Kiingereza cha leo, kitenzi "frank" hutumika kwa kazi ya kuipiga bahasha chapa ya mashine inayothibitisha kuwa ada ya posta imekwisha kulipwa, ilhali kabla ya 1840 neno hilohilo lilikuwa na maana iliyo kinyume, yaani kuitia bahasha sahihi itakayoiwezesha kusafiri bila ada yoyote. Asili yake ni Wafranki, makabila ya Kijerumani ya kale yaliyoitwaa nchi ya Gaul, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Ufaransa ya sasa. Na kwa kuwa chini ya utawala wao Mfranki ndiye aliyekuwa na haki kamili, jina la kabila likaja kumaanisha mwungwana, mtu asiye mtumwa wa yeyote, na baadaye pia msema kweli asiyeficha lake moyoni.

Wabunge wa Uingereza walijidai uungwana huo wa posta tangu 1660, na sheria ya 1764 ikauthibitisha. Thamani yake ilikuwa kubwa, kwa sababu aliyelipa kwa kawaida alikuwa mpokeaji, na ada ilipangwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, hata barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ikafikia kugharimu zaidi ya shilingi moja. Haishangazi, basi, kwamba wabunge walizitia sahihi bahasha tupu wakawagawia jamaa na wafanyabiashara, na wengine wakaghushi sahihi hizo, ingawa adhabu ya kughushi ilikuwa kuhamishiwa ng'ambo kwa miaka 7. Serikali ilijaribu kuziba mianya: kuanzia 1784 mbunge alitakiwa kuandika kwa mkono wake mji wa posta pamoja na tarehe kamili kwa maneno, na mwaka 1795 akawekewa kikomo cha barua 10 za kutuma na 15 za kupokea kwa siku. Kwa kweli uhuru huo haukuwa bure, kwani gharama ya kuzisafirisha barua za wakubwa iliwaelemea wananchi waliokuwa wakilipa.

Rowland Hill, aliyechapisha mapendekezo yake ya kurekebisha posta mwaka 1837, alitaka ada moja ndogo kwa nchi nzima, ilipwe na mtumaji. Januari 10, 1840 barua isiyozidi nusu aunsi, yaani gramu 14 hivi, ikaanza kutozwa peni moja popote iendako nchini, haki ya wabunge ikafutwa, na Malkia Victoria naye akaiacha yake. Neno lenyewe halikufa, bali lilihamia kwenye alama za malipo, kisha kwenye mashine zilizoenea katika karne ya 20.

Marekani ilifuata njia nyingine. Benjamin Franklin, ambaye jina lake la ukoo linatokana na shina hilohilo na lilimaanisha mwenye shamba aliye huru, alizipitisha barua zake kwa sahihi ya "B. Free Franklin", akiliingiza kati ya majina yake neno la Kiingereza lenye maana ya huru. Bunge la makoloni lilijipa haki hiyo mwaka 1775, ikafutwa 1873, kisha ikarudishwa kidogo kidogo. Na hadi leo bahasha rasmi za wabunge wa nchi hiyo hubeba sahihi iliyochapwa mahali pa stempu, huku gharama yake ikilipwa kwa fedha za umma.