Siku Moja Kutoka Birmingham Hadi Igombe

Ndugu zangu wa ukoo,

Kamati ya mkutano wetu imeniomba niandike kurasa chache juu ya historia ya safari za watu wetu baina ya Mwanza na Uingereza. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, nimestaafu, na mtu aliyeshika mafaili kwa miaka mingi, awali katika utumishi wa serikali huko nyumbani, kisha katika halmashauri hapa Birmingham, hawezi kukaa bila kalamu. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Tangu Machi 2004 yapo maneno yanayopita chini kwa chini, kwamba mimi ndimi niliyefanya kaburi la Baba lijae maji. Sijapata kuyajibu. Nitayajibu humu, ila itanibidi nianzie mbali kidogo.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya ndege kutoka London kuja Afrika Mashariki. Mwisho wa njia hiyo haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam, bali Mwanza. Vijana wetu wa hapa nikiwaambia jambo hili hudhani nawatania. Haikuwa safari ya ndege moja: vyombo vilibadilishwa njiani, na sehemu nyingine zilivukwa kwa treni. Khartoum mifuko ya barua ilihamishiwa katika ndege ya kutua majini, yenye injini tatu, ikafuata Mto Nile hadi ziwani, ikatua Kisumu, kisha kwetu. Safari nzima ilichukua kiasi cha siku kumi. Hata hivyo heshima hiyo haikudumu. Januari 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town, ikapitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa kando.

Marehemu Baba, aliyezaliwa kwa kadiri mwaka 1922, aliiona ndege hiyo kwa macho yake. Babu alikuwa kuli bandarini. Reli ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928, na kazi ya kubeba mizigo haikukosekana. Baba alitusimulia mara nyingi jinsi nyumba ya bati ilivyoshuka kutoka mawinguni ikakata maji kama kiboko aliyekurupushwa, watu wakakimbia, kisha wakarudi polepole kuona ni mfalme gani anayeshuka. Walichokiona ni mifuko. Mwishoni mwa kisa hiki Baba alikuwa akiuliza, kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza: "Sasa barua zote zile zilikuwa za nani? Sisi hatukupata hata moja."

Yaliyofuata nitayapitia upesi, maana wengi wenu mnayajua. Mwaka 1937 ndege kubwa za majini zilianza kushuka pwani, zikitua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Mwaka 1946 shirika la East African Airways lilianza kuruka. Mwaka 1957 lilifika London, na mwaka 1960 likapata ndege za jeti aina ya Comet. Mwaka 1977 shirika hilo lilivunjika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Nakumbuka tulihuzunikia ndege ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzipanda.

Mimi nilihamia Birmingham mwaka 1993, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Mama alifariki mwaka 1996, miezi miwili baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei, wakati Mwanza nzima ingali katika msiba. Maombi yangu ya ukaazi yalikuwa bado mezani mwa ofisi moja, na pasi yangu ya kusafiria ilikuwa humo humo. Nilimzika Mama kwa simu ya kibandani, katika barabara ya Soho, Handsworth. Kadi ya simu iliisha kabla ya sala kwisha. Nikabaki nimeshika chombo kinacholia, na nyuma yangu yupo mtu aliyetaka nitoke naye apige simu yake.

Kwa hiyo simu ya msiba wa Baba ilipokuja, Jumanne usiku, nilijua kuwa safari hii pasi ninayo, bali miguu haikuwa na nguvu. Sahibu zangu wawili walikuja nyumbani usiku ule ule. Mmoja ni Mjaluo wa Kisumu, aliyekuwa dereva wa basi hapa mjini. Mwingine ni mzee wa Kizanzibari, muuguzi, aliyenizidi umri kwa miaka kumi. Mimi nilidhani wamekuja kunipa pole. Mzee akasema, "Mwanangu, msiba hauendewi peke yake," na kesho yake wote wawili wakanunua tiketi.

Tuliondoka Birmingham Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, giza lingalipo. Amsterdam tulikaa saa mbili, tukaondoka kuelekea Kilimanjaro na Dar es Salaam. Katika skrini kulikuwa na ramani na kijindege kidogo kinachotambaa. Kilipofika karibu na Khartoum nikawasimulia kisa cha Baba na nyumba ya bati. Yule wa Kisumu akaruka kitini: babu yake naye alikuwa na kisa kama hicho hicho, isipokuwa katika kisa chao ndege ilikuja Kisumu tu, na Mwanza haikutajwa kabisa! Tukabishana mpaka mhudumu akatutazama. Ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na baada ya kucheka nikalia, na mzee wa Kizanzibari akavuta pazia la dirisha ili watu wasinione.

Tulishuka Dar es Salaam saa nne na nusu usiku. Imesemwa katika ukoo kwamba tulilala hotelini. Si kweli. Tulilala juu ya mabenchi, mizigo ikiwa mito yetu. Ndege ya kwenda Mwanza, ambayo mwenyewe sitamtaja, ilipaswa kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tukaambiwa kuna hitilafu ndogo. Saa tatu tukaambiwa ni ndogo bado. Mazishi yalikuwa saa sita mchana. Tulitua Mwanza saa nane.

Yaliyotokea Igombe saa hizo nimeyapata kwa mashahidi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kaburi lilianza kujaa maji, na vijana wakalikausha kwa ndoo, mara mbili. Wazee wawili walisema kwamba marehemu hangojeshwi kwa ajili ya mtu wa Ulaya, na kwa desturi walikuwa na haki ya kusema hivyo. Baba Mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya shimo, mwavuli juu ya kichwa. Alijibu: "Mama yake alizikwa yeye hayupo. Mara ya pili haitakuwa." Hakuongeza neno.

Tulifika saa nane na nusu. Sahibu yangu wa Kisumu alivua koti na viatu, akaingia katika zamu ya koleo pamoja na vijana wetu kana kwamba wamekua naye. Mzee wa Kizanzibari alisimama pembeni wakati wa ibada, amefumbua viganja, akiomba kwa namna yake. Kisha naye akadai koleo, na alipokatazwa kwa ajili ya umri wake, akakasirika.

Basi hilo ndilo jibu langu. Vijana mliokausha kaburi mkalowa kwa ajili yangu, wengine wenu sasa mna watoto walio vyuoni, nawaomba radhi. Kungojwa kwenyewe sikuombei radhi.

Nina ombi moja kwa mkutano. Kanuni ya mfuko wetu wa msiba inalipa nauli ya mfiwa mmoja tu. Nauli ya sahibu wa Kisumu ilikuwa pauni 540, naye aliikopa. Nilimlipa kidogo kidogo hadi mwaka 2005. Mzee hakukubali kulipwa, na sasa hayupo tena wa kulipwa. Naomba kanuni irekebishwe ili mfuko ulipe nauli za watu wawili, mfiwa na mwenzake, hata kama mwenzake si wa damu yetu. Hoja hiyo imo katika ajenda ya Jumamosi, baada ya chakula cha mchana.