Jozi ya Karata Iliyopangwa Tayari: Historia Yake na Kipimo Chake

Kila kitu kilichotengenezwa na mwanadamu chaweza kupimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukivunja, kuvitenga vipande vyake, na kuuliza kila kipande kitaleta bei gani sokoni. Njia ya pili ni kukitumia kwa kazi iliyokusudiwa, na kutazama kama kazi hiyo chaiweza. Mhakiki wa fasihi aijua tofauti hii, maana hapana awezaye kuupima utenzi kwa kuhesabu maneno adimu yaliyomo bila kuusoma toka mwanzo hata mwisho. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kuwa mgogoro huo huo umo katika historia ya jambo ambalo wanachuo wengi hawajalitazama, nalo ni jozi za karata zilizopangwa tayari katika mchezo wa Kimarekani uitwao Magic: The Gathering. Neno jozi twalitumia kwa maana ya wacheza karata, yaani fungu zima la karata zinazochangwa pamoja.

Mchezo huo ulitungwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hesabu aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka wa 1993, na ukatolewa mwezi wa Agosti mwaka huo huo na kampuni ya Wizards of the Coast. Katika karata tulizozizoea za kopa, shupaza, uru na pau, wachezaji wote hutumia jozi moja ijulikanayo na kila mtu. Katika mchezo wa Garfield kila mchezaji huja na jozi yake mwenyewe, aliyoichagua katika mamia ya karata zilizo mbalimbali. Toleo la kwanza lilikuwa na karata za namna 295. Mchezaji huanza na uhai wa 20 na karata 7 mkononi. Na karata nyingi zina gharama, nayo gharama hulipwa kwa nguvu itokayo katika karata za ardhi. Asiye na ardhi hawezi kucheza neno. Mwenye ardhi tupu hana la kucheza.

Kabla ya kuchapishwa, mchezo huu ulijaribiwa na wenzake Garfield wa Pennsylvania kwa karata zilizotengenezwa kwa mikono. Wachache kati yao, Skaff Elias, Jim Lin, Chris Page na Dave Pettey, ndio waliotunga baadaye toleo la Ice Age la mwaka wa 1995. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu laonyesha kuwa tangu asili kujaribu na kutunga vilikuwa kazi moja. Aliyejua kutunga ni yule aliyekwisha kucheza sana.

Lakini mnunuzi wa mwaka wa 1993 hakuuziwa jozi iliyotungwa. Pakiti ya kuanzia ilikuwa na karata 60 zilizotiwa kwa bahati nasibu, na pakiti ndogo karata 15 za namna hiyo hiyo. Garfield alitazamia kuwa kila mtu atanunua karata chache tu, na ya kuwa marafiki watabadilishana. Hata toleo la Arabian Nights la Desemba 1993, lililotokana na zile hadithi ambazo wasomaji wa Kiswahili wazijua kwa jina la Alfu Lela Ulela, liliuzwa katika vipakiti vya karata 8 za bahati. Mgeni alifungua pakiti yake akakuta rangi tano zimechanganyika, ardhi zisizolingana na gharama, na magarasa kadha wa kadha. Alipewa matofali akaambiwa kuwa ni nyumba.

Mabadiliko yalikuja na toleo la Tempest, mwezi wa Oktoba 1997. Hapo ndipo zilipotolewa kwa mara ya kwanza, pamoja na toleo jipya, jozi nne za karata 60 zilizopangwa na watungaji wenyewe: Deep Freeze, Flames of Rath, The Swarm na The Slivers. Hii ya mwisho yatosha kuwa mfano. Viumbe wake wengi huwagawia wenziwao sifa walizo nazo: mmoja akiweza kuruka, wote huruka. Karata moja ya namna hiyo, ikitazamwa peke yake, ni dhaifu. Zikikutana tano mezani, ni jeshi. Hivyo basi jozi ile ilikuwa somo. Ilimfundisha mgeni, bila mwalimu kusema neno, kwamba thamani ya karata yatokana na jirani zake.

Tangu hapo pakawa na kazi mpya ya uhakiki, yaani kuzitoa maoni jozi hizi kabla watu hawajanunua. Na mgogoro wa vipimo viwili ukazaliwa papo hapo. Wahakiki wengine huijaribu jozi kwa kuicheza. Wengine hufungua orodha, wakajumlisha bei ya kila karata dukani, wakalinganisha na bei ya sanduku. Jumla ikizidi, jozi ni njema. Ikipungua, ni mbaya. Mambo mawili ya historia yatatuonyesha upungufu wa hesabu hiyo.

La kwanza ni la mwaka wa 2011. Katika jozi za mashindano zilizotolewa mwaka huo kulikuwa na moja iitwayo War of Attrition, na ndani yake nakala mbili za karata Stoneforge Mystic. Mwezi wa Juni karata hiyo ilipigwa marufuku katika mashindano ya kawaida, kwa kuwa imekuwa na nguvu mno. Lakini marufuku yaliacha mlango mmoja: mwenye War of Attrition aliruhusiwa kuicheza kama ilivyo, mradi asibadili hata karata moja. Sababu yake ni uadilifu kwa mnunuzi aliyeahidiwa jozi ya kuchezea. Lakini ndani ya sababu hiyo kuna kukiri kukubwa zaidi. Karata ile ile, iliyo hatari katika mikono ya stadi ajichagulie wenzi wake, haikuhesabiwa kuwa hatari ilipokaa pale ilipowekwa. Sheria yenyewe ilishuhudia kuwa kizima kina uzito wake, mbali na uzito wa vipande.

La pili ni la Novemba 2013. Wakati huo zilitolewa jozi tano za mtindo wa Commander, uchezwao kwa kawaida na watu wanne, kila mmoja akiwa na karata 100 zisizorudiwa isipokuwa ardhi za kawaida. Moja yao, Mind Seize, ilikuwa na karata iitwayo True-Name Nemesis: kiumbe ambaye, aingiapo mezani, mwenyewe humchagua mchezaji mmoja, na mchezaji huyo hawezi kumlenga, kumzuia wala kumjeruhi. Penye watu wanne, ni kinga ya adui mmoja kati ya watatu. Penye wawili, ni kinga ya maadui wote. Kwa hiyo wacheza mashindano ya watu wawili wakaikimbilia Mind Seize, wakaitoa karata moja na kuacha 99. Methali yetu yasema, Chema chajiuza. Hapa kilichojiuza ni kipande, nao waliotaka kukaa wanne mezani wakatafuta jozi wasiione madukani.

Haifai kuidharau bei. Fedha ya mnunuzi ni fedha ya kweli, na mwanafunzi mwenye kipato kidogo ana haki ya kujua kama karata zake zitabakiwa na thamani. Lakini bei yatuambia haja ya watu wengine; haituambii kitakachotokea jozi ikichangwa na kugawiwa. Hilo hujulikana kwa kucheza tu, tena kucheza kwingi. Na tufanye hesabu. Jozi ya karata 60 yenye ardhi 24 ikichangwa vizuri, mkono wa kwanza wa karata 7 utakuwa na ardhi moja au usiwe na ardhi kabisa kwa kadiri ya mara 14 katika 100, yaani karibu mara moja katika kila mara saba. Ahukumuye baada ya michezo miwili huenda ameihukumu bahati, wala si jozi. Hapana budi acheze mara nyingi, asibadili karata yo yote kwanza, apambane na jozi za toleo lile lile, kisha ampe mgeni acheze naye akae kimya akitazama. Na kila ashindwapo aandike sababu: je, ni ardhi, ni karata zisizosaidiana, au ni kosa la mchezaji?

Watungaji wenyewe wameilipa gharama ya kuacha kazi hii. Karata Skullclamp, ya toleo la Darksteel la Februari 2004, ilibadilishwa tarakimu zake dakika za mwisho, ikachapishwa bila kujaribiwa vya kutosha. Kufika Juni ikawa imepigwa marufuku. Miaka ishirini baadaye, mwaka wa 2024, jambo lilo hilo lilitokea kwa karata Nadu, Winged Wisdom. Maneno yake yalibadilishwa mwishoni, na hayakuchezwa katika umbo lake la mwisho. Mwezi wa Agosti ikaondolewa katika mashindano ya Modern. Mara zote mbili watu waliozisoma karata hizo walikuwa mabingwa. Waliyasoma maneno, hawakuyacheza.

Basi jozi iliyopangwa tayari ni utungo kamili, wenye mwanzo, makusudi na msomaji wake. Msomaji huyo ni mgeni asiyejua bado kupanga, naye hana wa kumtetea ila mhakiki. Mhakiki amletee jibu la swali moja: nikikaa mezani na karata hizi, je, nitaujua mchezo? Jibu hilo halimo katika orodha ya bei. Limo mezani, baada ya mchezo wa kumi.