Hija ya Miguu ya Bukoba–Namugongo Nje ya Msimu

Hija ya miguu ya Bukoba–Namugongo ni safari ya ibada ya zaidi ya kilomita 300, kutoka mkoa wa Kagera, Tanzania, kupitia mpaka wa Mutukula na mji wa Masaka hadi Namugongo, nje kidogo ya Kampala, Uganda. Hapo ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Kikatoliki tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana nao wana mashahidi wao na kituo chao huko huko. Mahujaji wengi hutembea mwezi Mei ili wawahi sikukuu ya Juni 3. Anayetembea wakati mwingine wa mwaka anahitaji maandalizi ya namna yake.

Umbali haubadiliki, kinachobadilika ni mapokezi. Mwezi Mei watu wa njiani wanajua kwamba mahujaji wanapita, na mgeni mmoja hupokewa kwa jina la kundi zima. Februari hakuna anayemngoja. Anayebisha hodi parokiani saa moja jioni, miguu imejaa vumbi, ni mtu asiyejulikana. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kutafuta viatu, ni barua ya paroko yenye muhuri, inayotaja kila msafiri na siku anazotarajiwa. Mkazi wa kata kama Kaagya, Bukoba Vijijini, huanzia kwenye jumuiya yake ndogo ndogo, kisha katekista, kisha paroko. Barua peke yake haitoshi: parokia za kulala zipigiwe simu wiki kadhaa kabla, na tena siku moja kabla ya kufika. Hapa ndipo muda wa maandalizi unapostahili kutumika zaidi.

Kuhusu majira, nje ya msimu kuna nafuu kubwa. Mvua za masika za Bukoba ni nzito, hasa Aprili na Mei, na ndizo zinazotangulia sikukuu. Mei 2023 mafuriko ya Mto Katonga yaliharibu daraja la barabara kuu ya Masaka–Kampala, likafungwa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambacho Wahaya hukiita kyanda, kina njia kavu, lakini ndio wakati wa kuchuma na kuanika kahawa. Kumwacha mwenzako na kazi hiyo ni deni zito nyumbani. Novemba ni mvua tena, ingawa ni mwezi wa senene, panzi wanaoliwa. Januari na Februari hubaki kuwa chaguo bora.

Kuvuka Mutukula kunahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla.

Kwa mwendo wa kilomita 25 hadi 30 kwa siku, safari huchukua takriban siku 12, ukiongeza moja ya mapumziko Masaka. Siku mbili za kwanza hufika Kyaka, kwenye daraja la Mto Kagera lililobomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Baada ya Mutukula hufuata Kyotera, Masaka na Lukaya. Sehemu ya kuheshimiwa kuliko zote ni Lwera, kati ya Lukaya na Kayabwe: barabara inapita katikati ya mafunjo, kivuli ni haba, malori yanakwenda kasi. Ianzwe alfajiri, msafiri akiwa na maji ya kutosha. Katika nchi zote mbili magari hupita kushoto, basi mtembeaji ashike kulia ayaone yanayomjia. Karibu na Kayabwe hukanyaga mstari wa ikweta. Lugha haisumbui sana, kwa kuwa Kihaya na Kiganda ni ndugu.

Namugongo penyewe, siku ya kawaida, mtu huweza kuketi ndani ya basilika iliyobebwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi, akasali kwa utulivu ambao Juni 3 hauwezekani, umati ukiwa umejaa hadi ng'ambo ya ziwa dogo lililo mbele yake. Kurudi ni kwa basi la Kampala–Bukoba, ambalo kwa siku moja hupita tena Lwera, Masaka na Mutukula.